Chai ya Waliokufa

Ukifa mbele ya Moniteri, alikuwa anakumiminia chai.

Mimi nimekufa mara kumi na moja. Nimekufa nikiingia chini ya lori la mafuta. Nimekufa nikimkwepa kulungu. Nimekufa hata nikiwa nimesimama kwenye taa nyekundu, kwa sababu niligeuka nyuma kumcheka Mama na mguu ukateleza kwenye freni. Kila mara dunia inakuwa nyeupe mbele ya macho, kisha unasikia mkono mzito begani, miwani inavuliwa, na kumbe uko palepale: ukumbi wa chini wa kanisa, Champlin, Minnesota, kiti cha plastiki, na usukani wa plastiki uliobanwa kwenye meza ileile tunayowekea wali wa harusi. Moniteri anafungua termosi. Chai ya tangawizi, kali mpaka unatoa machozi.

"Kunywa, marehemu," anasema. "Halafu utuambie umekufa juu ya nini."

Waliofika salama hawakupewa hata tone. "Mzima akanywe kwake."

Kwetu Kongo ya mashariki moniteri ni mtu anayefundisha kuendesha gari, na kanisani kwetu hakuna aliyemwita kwa jina lingine, hata mke wake. Vifaa vilitoka kwa Mzungu mmoja wa kanisa linalotukodishia jengo, anayefanya kazi kwenye maofisi ya Eden Prairie. Alileta masanduku ambayo kazini kwake yalikuwa yanakaa bure: kompyuta, usukani, pedali, na miwani nyeusi kubwa kama ile ya wachomelea vyuma. Ukiivaa unajikuta ndani ya gari, barabara iko mbele, theluji inaanguka. Ukigeuza kichwa unaona kiti cha nyuma. Ukitazama chini unaona mikono miwili imeshika usukani, na si mikono yako. Mara ya kwanza nilipoiona ile mikono nilitaka kulia, kwa hiyo nikapiga kelele kama mbuzi na watu wote wakacheka. Ndivyo nilivyo. Nikiogopa, nachekesha. Shuleni wanadhani nina furaha nyingi sana.

Kompyuta niliishika mimi, si kwa akili, ila kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na tano na watu wazima wote walikiangalia kile kitu kama kinauma. Nikibofya hapa, jua. Nikibofya pale, usiku. Nikibofya chini kabisa, inakuja barafu ile isiyoonekana, inayofanana na lami iliyolowa tu. Moniteri aliniita Konvoyeri, jina la kijana anayening'inia nyuma ya lori huko kwetu na kurushiwa lawama zote za safari.

"Konvoyeri, lete theluji."

"Kilo ngapi, Moniteri?"

"Weye mutoto, kalia mikono."

Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yake. Hakupiga, hakufukuza. Unaweka viganja chini ya mapaja na kukaa hivyo mpaka akukumbuke. Ukiwa mtu wa kubofya vitu ovyo, ni jela. Nimekalia mikono yangu jioni nzima nikimtazama mzee mmoja akigoma kuvua miwani kabla hajafunga milango ya gari lisilokuwepo.

Lakini msimu ule hatukuwa tunacheza. Mama yangu anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee huko Blaine, ng'ambo ya Mississippi. Alfajiri anachukuliwa na mwenzake wa kazini, na mwenzake yule alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa Januari anahamia jimbo lingine. Basi ya saa zile hakuna. Papa hakuja nasi Amerika. Gari tulikuwa nalo, la zamani, tulilouziwa na shemasi, limekaa nje limevaa theluji kama keki. Kilichokosekana ni permi, leseni. Mama asipoipata kabla Januari haijaisha, kazi inakwenda, na kazi ikienda, nyumba nayo. Alikuwa ameshaanguka mtihani mara moja. Usiku nilimsikia ukutani akinong'ona, "Kioo, ishara, bega. Kioo, ishara, bega," kama mtu anayehesabu watoto wake.

Moniteri alikuwa anavaa koti la suti ndani ya jaketi la baridi, majira yote, hata ukumbini. Aliamini kwamba ile dunia ya miwani ina uongo mmoja. "Hii kitu inajua barabara," alisema, "lakini haijui baridi." Basi anafungua mlango wa dharura, upepo wa theluji unaingia mpaka karatasi za nyimbo zinaruka, na bamama, akina mama wetu, wanaendesha wakiwa na glavu, kofia na mabuti. Ukifika kwenye barafu anakipiga kiti chako teke, kinazunguka nusu. Mama mmoja alimuuliza hii ni shule au ni polisi.

"Ni barabara, Mama. Barabara haina adabu."

Na hapo ndipo aligundua ugonjwa wetu. Sidhani kama kuna mwalimu mwingine Minnesota aliyewahi kuuona. Siku ya kwanza Mama alipoteleza, nilibofya, teke likapigwa, gari likaanza kwenda mkia mbele, na Mama akainua mikono yote miwili hewani, vidole wazi.

"Yesu wangu!"

Gari likazunguka mara tatu. Nyeupe. Chai.

"Mama," Moniteri alisema kwa upole, "mikono ilienda wapi?"

"Kwa Mungu, Moniteri."

"Na volanti ulimwachia nani?" Akaugonga usukani kwa kidole.

Mama alifikiri. "Kwa Mungu pia."

"Mungu hana permi ya Minnesota."

Bamama wawili waliguna, mmoja akatoka nje kabisa. Lakini wiki ile ilionekana kwamba ni wote. Mama wa kwaya, mke wa shemasi, bibi aliyekuwa anajifunza kwa ajili ya kujua tu: gari likiteleza, mikono juu. Wamefanya hivyo maisha yao yote. Walifanya hivyo risasi zikilia, walifanya hivyo mtoto akizaliwa. Moniteri hakuwacheka. Alikaa na termosi yake akaifikiria, kisha Jumamosi iliyofuata akaja na dawa.

"Muombe," aliwaambia. "Muombe kwa sauti munayotaka, mapaa yatoke. Lakini mikono ibaki. Mungu anasikia mudomo, haangalii vidole."

Aliwafanyisha mazoezi bila miwani kwanza, wakiwa wamesimama safu, kila mmoja ameshika mgongo wa kiti kilicho mbele yake. Jumapili yake, wakati wa maombi, nikafungua jicho moja: nusu ya kanisa haikuinua mikono. Walikuwa wamebana viti vya mbele, wanatetemeka, wanaomba. Mchungaji alidhani ni uamsho wa aina mpya. Mama wa mbele yangu alikata kona ya kushoto katikati ya "Amina".

Kitu kingine alichokirudia mpaka kikatuchosha: "Tazama unakotaka kwenda. Usitazame unakoogopa, gari litakwenda hukohuko."

Sasa niwaambie yasiyolingana. Mtu huyu alitembea na ufunguo wa gari shingoni, kwenye kamba, kama medali. Gari lao lilikuwa jipya kuliko letu. Lakini sikuwahi kumwona akiliendesha. Mke wake ndiye aliyemleta, mke ndiye aliyemrudisha, na yeye alikaa kiti cha abiria akiangalia magoti yake. Permi alikuwa nayo, alituonyesha. Alikuwa ameendesha malori miaka ishirini kati ya Bukavu na Uvira, njia ya milimani ambayo tairi moja iko barabarani na nyingine iko hewani, na alisema alikuwa anamenya ndizi kwenye kona. Lakini harusi ikiwa Blaine, Moniteri alituma salamu. Msiba ukiwa Blaine, Moniteri alikuwa na mafua. Na ile miwani hakuivaa hata siku moja mbele yetu.

"Jaribu, Moniteri," mimi nilimchokoza. "Unaogopa kufa? Chai iko."

"Mimi nilishapata yangu," alijibu, na akanikalisha mikono.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Januari niliwahi kufika. Nilitaka kubadilisha honi ya gari iwe sauti ya ng'ombe. Nikashuka ngazi polepole na nikamkuta peke yake, amekaa kwenye kiti cha plastiki, miwani usoni, amenipa mgongo. Masikio yamefunikwa, hakunisikia. Kwenye skrini niliona anachokiona yeye: jua kali, barabara kavu, miti ya kijani. Dunia rahisi kuliko zote, ile tunayowapa wanaoanza. Alikuwa anakwenda mwendo wa mtu anayesukuma toroli. Mbele kulikuwa na daraja. Akafika, akasimama. Akarudi nyuma. Akaja tena, akasimama. Mara ya tatu pia.

Nilibana kicheko kwa mkono wa jaketi. Moniteri! Anaogopa daraja la katuni! Nikanyata mpaka kwenye kompyuta, na kidole changu, ambacho hakina mwenyewe, kikaenda chini kabisa. Barafu.

Nilipobofya, yeye alikuwa tayari amepanda darajani. Mara ya nne hakuwa amesimama.

Gari lilianza kuzunguka. Moniteri hakuomba, hakugusa freni. Aliachia usukani, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili, na akaita jina la binti yake kwa sauti ambayo sikujua mtu mzima anayo. Kiti kikaanguka naye. Kicheko changu kilikuwa kimeshafika mdomoni, kikatoka kidogo, kikakwama. Alipovua miwani alinikuta nimesimama, mkono bado uko juu ya kompyuta.

Hakuniambia nikalie mikono. Nilingoja aseme. Alichukua termosi yake, akavaa kofia, akapanda ngazi, akaondoka kwa miguu kwenye theluji. Hakuna aliyemmiminia chai.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Mke wake alisema hajisikii vizuri. Jumamosi ya pili hakuja pia, na mtihani wa Mama ulikuwa siku tisa mbele. Niliwasha kompyuta mimi mwenyewe, nikamwekea Mama barafu kidogo, na mikono yake ikaruka juu kama zamani. Nyeupe. Hakukuwa na chai wala mtu wa kuuliza mikono ilienda wapi.

"Moniteri anaumwa nini?" Mama aliniuliza akivua miwani.

"Sijui."

"Weye haujui? Na muko naye kila siku hapo?"

"Sijui, Mama."

Usiku ule niliota Mama yuko kwenye daraja la kweli, mikono hewani, na mimi niko kwenye kompyuta nabofya jua, jua, jua, na jua haliji.  Jumatatu baada ya shule nilikwenda kwa Moniteri kwa miguu, pua imeganda, na njia nzima sikupata hata mzaha mmoja. Mke wake alifungua. Moniteri alikuwa kwenye kochi na lile koti lake la suti. Nikakaa chini kwenye zulia na kukalia mikono yangu kabla hajasema neno.

"Ni mimi niliyeweka barafu," nilisema.

"Najua. Nilikuona."

"Samahani, Moniteri."

Alivuta termosi yake karibu. Halafu akaniambia, akiangalia termosi. Baridi yao ya kwanza hapa, mwaka waliofika, alikuwa anaendesha kwenye daraja la hapa Champlin, mke pembeni, binti mdogo nyuma. Gari likateleza. Yeye, mtu wa Bukavu na Uvira, aliachia usukani na kufunika kichwa. Mke wake ndiye aliyenyoosha mkono akaukamata, hata kuendesha alikuwa hajui, na gari likagonga ukingo likasimama. Hakuna aliyeumia. Hata mtoto hakulia.

"Hakuna kilichovunjika," alisema, "isipokuwa taa moja na mimi. Bamama wanaachia volanti juu ya kuomba. Mimi sikuomba, Konvoyeri. Niliogopa tu. Mikono iliniacha kama si yangu."

Nilifikiria ile mikono ya ndani ya miwani.

"Ndiyo maana unatufundisha," nilisema.

"Nafundisha juu najua inavyokuwa. Asiyejua atawaambia ni rahisi." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Umemwambia mama yako ulichofanya?"

"Hapana."

"Usimwambie kabla ya mtihani. Ataachia volanti akupige."

Jumamosi akaja. Alikipiga kiti cha Mama mateke mpaka mguu mmoja wa kiti ukapinda, na Mama akaomba kwa sauti mpaka Wazungu wa ukumbi wa juu wakashuka kuuliza kama kuna mgonjwa. Mikono ilibaki.

Siku ya mtihani theluji ilianguka tangu alfajiri. Kituo cha mtihani kiko ng'ambo ya mto, na mtu anayejifunza haruhusiwi kuendesha bila mwenye permi kukaa pembeni yake. Mke wa Moniteri ndiye aliyeahidi kutusindikiza. Saa mbili asubuhi simu ikalia: kazini kwao watu wameshindwa kufika, wamemwita. Mama alikaa kwenye ngazi za apatimenti na mkoba mapajani, hakulia, alikuwa anavuta tu zipu ya jaketi juu na chini. Ilikuwa siku ya mwisho kupata nafasi kabla Januari haijaisha.

Kisha tukamwona Moniteri anakuja kwa miguu. Mkono mmoja termosi, mwingine permi yake ameinyoosha mbele kama mtu anayekamatwa.

"Sheria inataka mutu mwenye permi," alisema. "Haikusema mutu mwenye moyo. Twende."

Nilikaa nyuma. Mama alikwenda polepole, kioo, ishara, bega. Darajani, katikati kabisa, nilihisi kitako cha gari kinaenda upande wake.  Mama akaita, "Yesu wangu!" na vidole vyake vikanyooka, vyote kumi, nikaviona, kisha vikafunga tena palepale kwenye usukani. Aliomba kwa sauti kubwa mpaka ng'ambo, kwa Kiswahili na kwa Kifuliiru, lugha ya kwetu, macho yakiwa mbali. Moniteri hakusema hata neno moja la ufundi. Alikuwa amejikunja, mikono juu ya kichwa. Nilidhani Mama hakumwona.

Alipita mtihani. Pointi chache juu ya mstari, lakini alipita. Alitoka kituoni na karatasi, akaibusu, akanibusu mimi, akampa Moniteri mkono. Tukaanza kurudi. Kabla ya daraja, Mama akaingia kwenye kituo cha mafuta, akazima gari, akatoa ufunguo na kumwekea Moniteri kwenye goti.

"Nilikuona," alisema.

"Mama, iko barafu."

"Iko."

"Mama, sasa uko na permi yako. Endesha."

"Mikono yangu imechoka. Na weye ndiye Moniteri." Akafungua mlango, upepo ukaingia. "Omba kama unataka. Mikono ibaki."

Sijui alikaa muda gani akiuangalia ule ufunguo. Hatimaye alishuka, akazunguka mbele ya gari akishikilia boneti kwa mkono, na akaingia upande wa usukani. Alirekebisha kioo mara tatu. Ndani ya kioo macho yake yakakutana na yangu.

"Konvoyeri," alisema, "leo usiguse kitu."

Niliweka viganja chini ya mapaja. Nilivikandamiza kwa uzito wote nilio nao.

Alipanda daraja kwa mwendo wa toroli. Nyuma yetu malori yalipiga honi. Chini, mto ulikuwa mweupe na katikati yake mstari mweusi wa maji yasiyokubali kuganda, na mimi niliutazama, halafu nikakumbuka nisitazame ninakoogopa. Nikatazama shingo yake. Jasho lilikuwa linashuka kwenye kola katika baridi ile. Alikuwa anasema kitu, mwanzoni nilidhani ni sala, kumbe anajifundisha mwenyewe kama mwanafunzi wake: "Macho mbali, Papa. Usibane freni. Polepole. Polepole." Gari likayumba kidogo, kidogo tu, na mimi nikaona viwiko vyake vinanyanyuka. Mama akasema, bila kumtazama, kwa sauti ileile ya kuwaamsha wazee wake wa Blaine, "Mikono iko wapi, Moniteri?"

"Hapa."

"Iko wapi?"

"Hapa, Mama. Iko hapa."

Kiangazi walihama, yeye na familia yake, na mke ananiambia kwenye simu kwamba sasa wanagawana zamu za usukani. Mimi nimebaki na picha ya ule upande wa pili wa daraja: Moniteri ameegesha pembeni, amezima gari, paji la uso limelala juu ya usukani. Kisha akafungua termosi. Chai ikamwagika kwenye suruali ya suti, na akamimina vikombe vitatu, kwa watu watatu wazima waliofika salama, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Kunyweni," alisema.

Nilitaka kupokea. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, haikunisikia. Mama aligeuka, akanishikia kikombe mdomoni kama mtoto mchanga, nikanywa yote, na sikupata la kuchekesha.